Mashine ya Kufyonza na Santuri za Baba Yako

Mwanangu Sechelela,

Umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mimi nimebaki sebuleni na mabegi yako. Nimeyafunga, nikayafungua, nikayafunga tena. Nimeona bora nishike kalamu, maana nikiligusa lile begi kubwa mara nyingine nitaliharibu zipu, na kesho alfajiri uende stendi umelifunga kwa kamba kama gunia la karanga.

Sitakuandikia habari za kula wala za kufunga mlango. Hayo nimeyasema mpaka umechoka. Leo asubuhi umeniambia, "Mama, ya chandarua umeshaisema." Sawa, huko Mwanza unakokwenda kuna mbu, nimeisema tena na sirudii. Nakuandikia kwa sababu wiki hii uliniuliza mambo mawili, na sikukujibu hata moja.

Nilikuwa nachambua mlenda pale uani. Ukavuta kigoda, ukanionyesha kwenye simu mashine mbili. Ukasema huko redioni unakokwenda kuna chumba kizima cha santuri za zamani, zimelala miaka na miaka hakuna anayezigusa, na wamekuachia wewe uchague mashine ya kuziosha. Ukanieleza inavyofanya kazi. Santuri inazunguka, unaimwagia maji yenye dawa, unaisugua kwa brashi laini, halafu kuna mkono unaoshuka na kufyonza yale maji pamoja na uchafu wake, santuri inabaki kavu. Moja ilikuwa nyeupe, nyepesi, nzuri kama chombo cha kabatini. Ya pili ilikuwa sanduku la chuma lisilo na sura, na ukasema watu wanailalamikia kelele.

"Mama, ungekuwa wewe ungechukua ipi? Nataka itakayodumu."

Nikacheka. Nikakwambia mimi niliyeishia darasa la nne nitajua nini habari za mashine za namna hiyo. Ukauliza la pili kwa sauti ya chini: "Na zile za baba, nitaenda nazo?" Nikainuka kwenda kuangalia moto, na moto haukuwa na shida yoyote.

Sasa nakujibu. Naanza na mashine, maana hiyo ndiyo nyepesi.

Unakumbuka nilikuwa nafanya usafi kwenye ile nyumba ya wageni kule Majengo. Wewe ulikuwa mdogo, nakuacha kwa shangazi yako. Bosi wetu alituletea mashine ya kufyonza vumbi, ndogo, nyeupe, haina kelele kabisa. Tuliipenda jamani. Tulikuwa tunagombania nani aishike. Ilikuwa miezi ya upepo, na upepo wetu unaujua, vumbi jekundu linaingia hata kwenye chumvi iliyofunikwa. Nikapita nayo chumba kwa chumba. Baada ya siku kadhaa sauti yake ikabadilika, ikawa nyembamba, kama mtu anayeimba amebanwa kifua. Mimi nikasema moyoni, aa, imezoea kazi. Kumbe inakabwa. Ndani mlikuwa na mfuko wa kupokea vumbi, umejaa mpaka mdomoni, na mimi sikujua hata kama kuna mfuko. Kijitabu chake kilikuwepo. Kimeandikwa Kiingereza, na nikaona aibu kuuliza. Siku moja ikatoa harufu ya mpira unaoungua, ikazima, haikuwaka tena.

Bosi hakunifukuza. Alisema tu, "Mama Seche, si ungeniuliza." Lingekuwa kofi lisingeniuma vile.

Ndipo akaleta nyingine. Ile ilikuwa pipa lenye magurudumu, limekaa vibaya, rangi imebanduka kabla haijafika, inafyonza vumbi na maji pia. Tuliiita Mjomba, kwa sababu ikifika inapiga kelele na inakula kila kitu. Wageni walikuwa wanalalamika, "Hiyo nini tena asubuhi yote hii?" tunawajibu, "Ni Mjomba, karibuni." Lakini Mjomba ukimfungua unamwona mpaka utumbo. Maji machafu yanaingia wapi, yanatokea wapi, kipi kinachakaa, vyote unaviona kwa macho. Bomba likitoboka, fundi wa mtaani analibadilisha tunakunywa chai. Nilipita pale juzijuzi kumsalimia mwenzangu wa zamani, nikamsikia Mjomba ananguruma huko ndani.

Kwa hiyo mwanangu, mimi ningechukua lile sanduku la chuma. Lakini usilichukue kwa sababu ni zito, maana hata jiwe ni zito. Kwanza waulize wanaoiuza maji machafu yanatokea wapi. Kama hakuna njia ya kuyatoa vizuri, yatalala humo ndani, yataoza, na siku moja yatapanda hadi kwenye mota. Waulize kama inafunguka kwa bisibisi ya kawaida. Waulize inaweza kufanya kazi muda gani kabla ya kupumzishwa, na wakikujibu, ipumzishe kabla muda huo haujafika. Mashine nyingi haziuawi na ubovu, zinauawa na mtu aliyesema bado moja tu. Na uulize umeme ukikatika santuri ikiwa imelowa katikati ya kazi, unafanyaje. Watakuona mshamba. Acha wakuone. Mimi niliogopa kuonwa mshamba, nikaunguza mashine ya watu.

Tena uangalie vile vitambaa vya mahameli kwenye mdomo wa kufyonzea, vimeshikwa na nini. Hili unalijua kuliko mimi, na linanileta kwenye lile la pili, nililokuwa nalizunguka.

Unapenda kuwasimulia watu kwamba mama yako alizipaka santuri mafuta. Uliwasimulia hata wale wasichana wa kwaya, wakacheka mpaka wakashika mbavu, na mimi nikacheka nao. Ni kichekesho kweli. Lakini sijawahi kukwambia nilivyofikiri siku ile.

Kwetu Mvumi, kiangazi kikishika, kila kitu kinapasuka. Midomo, visigino, mpini wa jembe. Mama yangu alikuwa na chungu cha mafuta, na jioni anapita nayo nyumba nzima. Kibuyu cha maziwa anakipaka, ngozi ya ngoma anaipaka, zeze la babu analipaka, mwisho anatupanga sisi watoto na kutupaka. Alikuwa anasema kitu kisichopakwa ni kitu kisicho na mwenyewe. Basi baba yako alipofariki, na kiangazi kikaingia, nikazitazama zile santuri zake sandukuni. Zilikuwa kavu, nyeusi, zimefifia. Nikasema, hizi zitapasuka, na watu watasema marehemu aliacha mke mzembe. Nikachukua mafuta ya alizeti, yale mazuri ya Kondoa, nikakaa chini nikazipaka moja moja, pande zote mbili, taratibu, kama nilivyokuwa nakupaka wewe ukiwa mdogo, ukitoka kuoga. Ziling'aa, Seche. Ziling'aa mpaka nikaona uso wangu.

Halafu upepo ukaja na vumbi lake.

Uliporudi kutoka shule ya bweni ukaweka moja kwenye gramafoni, ikatoa sauti kama kitu kinakaangwa. Ukaniangalia. "Mama, umezikaanga?" Nikasema ni chombo chenyewe kibovu. Ukaigeuza juani, ukaona vumbi limekamata kwenye ile mistari kama udongo kwenye kucha za mtoto. Hukunigombeza. Ulichukua kitambaa ukaanza kufuta, na kadiri unavyofuta ndivyo inavyozidi.

Wewe ndiye uliyenikokota kwa Hamisi, yule fundi wa redio pale Majengo, mtu wa Kondoa, anayejua kuongea kuliko hizo redio zake. Aliitazama santuri, akainusa.

"Mama Seche," akasema, "hii ni ya kusikiliza au ya kuungia mboga?"

"Hamisi, sijaja kutukanwa."

"Sikutukani mama yangu, nauliza tu, maana alizeti naisikia, ni ya kwetu hii." Ulicheka, nikakukanyaga mguu. Halafu akawa mtu mzima. Akatwambia kufuta ni kuhamisha tu, uchafu unatoka juu unaingia chini ya mstari, na maji yakikaukia mle ndani yanaurudisha ulikokuwa. "Inatakiwa maji yanyonywe yakiwa bado yameubeba," akasema. "Hiyo ndiyo kazi yake yote, hakuna uchawi."

Na akatutengenezea, Mungu ampe heri. Alichukua mota ya kufyonzea kutoka kwenye mashine iliyokufa, akatoboa mfereji mwembamba kwenye bomba la plastiki, akabandika vipande vya mahameli pembeni ili bomba lisiguse santuri. Ulizungusha santuri kwa mkono, mimi nikishika taa ya simu. Tulianza na ile aliyoipenda baba yako, ile ya bendi ya zamani yenye magita yanayojibizana. Maji yalitoka ya kahawia kama chai. Ukaiweka kwenye gramafoni, na kweli, ikaimba. Ikaimba safi kabisa. Hamisi akafunga macho. Wewe ukaanza kuchezesha mabega.

Ukaweka ya pili tuioshe. Gundi ilikuwa imeshalainika kwa maji, kipande cha mahameli kikajikunja, na ukingo wa bomba ukaipitia santuri mzunguko mzima kabla hatujajua. Ule mlio ninao mpaka leo. Ukaketi chini pale dukani ukalia, Hamisi anasema, "Pole mwanangu, pole, kosa ni langu, ningeishona." Mimi nikazikusanya zote nikazirudisha sandukuni, nikaja nazo nyumbani, nikalirudisha kwenye kona ya sebule lilipokaa tangu tuhamie, na kulitandikia kitambaa. Toka siku hiyo ukizitaja nasema tutaona.

Wewe ulifikiri nilikasirika kwa ule mkwaruzo. Nilikuacha ufikiri hivyo, ilikuwa rahisi kwangu. Seche, sikuwa na habari na mkwaruzo. Ilikuwa ile ya kwanza, iliyotoka safi.

Sijui nitaandikaje. Miaka yote nilikuwa nazitazama zile santuri na kujiambia baba yako yumo. Sijui wapi, lakini yumo, chini ya yale mafuta na lile vumbi. Siku zitakaposafishwa, nitamsikia. Najua mtu hakai kwenye santuri, sijawa mjinga kiasi hicho, lakini moyo hauna darasa. Basi ile ikasafishwa, ikaimba, nami nikasubiri. Nikasikia magita. Nikasikia yule mwimbaji, kila neno. Mpaka mwisho wa upande nilikuwa nasubiri, na ulikuwa wimbo tu. Nikaona nikiziacha zisafishwe zote, nitazisikia zote hivyo hivyo, na nitakuwa nimemaliza kumtafuta. Ndiyo maana nikafunga sanduku.

Nakueleza na jambo jingine, kwa sababu ndilo limenifanya leo nibadili mawazo.

Baba yako Jumapili akitoka kanisani alikuwa haanzi kula kabla hajaweka santuri. Ulikuwa unamwona, anaishika ukingoni tu, kama anashika sufuria ya moto. Anaipuliza, anaiweka, halafu ananiita. "Mama Seche, njoo. Upande mmoja tu." Na mimi niko uani na vyombo. Namjibu, nakuja, nimalizie sufuria hii. Sufuria ikiisha kuna sinia, sinia likiisha nimeona ukuta una masizi. Nikiingia ndani nikijifuta mikono, upande umeisha, ile sindano inakwaruza tu. Anasema, "Umechelewa," anacheka, anaigeuza. Na mimi nimeshaona vumbi kwenye kabati.

Nyumba yangu ilikuwa safi, mwanangu. Kila mtu wa Makole alikuwa anasema, nyumba ya Mama Seche unaweza kula ugali sakafuni. Lakini zile nyimbo zote nazijua kwa nyuma, kutokea uani, kupitia dirisha, na maji yanamwagika. Mwanzo wa karibu kila wimbo sijui unakuwaje. Sasa ningempa mtu vyombo vyote vya nyumba hii aende navyo, ili nikae kwenye lile kochi upande mmoja tu.

Sikuhubirii. Nakwambia tu kwa sababu unakwenda kwenye kazi ya kusafisha, kama mimi. Kusafisha kunalewesha. Kuna chumba kizima kinakungoja huko, na ile mashine ikiwa nzuri utaona raha kuzipanga zilizooshwa huku na zisizooshwa huku, utataka kumaliza, na chumba kama kile hakiishi. Ukiosha moja, kaa uisikilize. Hata kama bosi anakutazama. Mwambie mama yako alisema ndivyo inavyopimwa kama imetakata.

Na usianze na za baba yako. Mashine ngeni ianze na zile ambazo hakuna mtu atakayezililia, mpaka mkono wako uizoee na sikio lako lijue sauti yake ikiwa na afya. Ukisikia inaimba nyembamba, zima kwanza, halafu ndiyo ufikiri.

Umeelewa nilichosema hapo juu? Nimesema usianze nazo. Maana yake zinakwenda.

Nimefikiri sana nikiwa na hii kalamu. Nilitaka nikwambie uziache, ili uwe na cha kukurudisha nyumbani Krismasi. Hiyo ni kweli, nilifikiri hivyo, na Mungu ananisikia. Tena nikafikiri nikupe nusu, nibaki na nusu, kama wanawake wanaogawana kitenge. Lakini nimeshawahi kukiweka kitu cha mtu mpaka kikaharibika mikononi mwangu, kwa mapenzi, kwa mafuta mazuri. Sitaki kukuweka wewe hivyo. Ukirudi Krismasi urudi kwa sababu umenikumbuka, au umekumbuka mlenda. Usirudi kwa ajili ya sanduku.

Wale waliozipiga zile nyimbo walizipiga zisikike. Baba yako alizinunua njiani, kwenye zile safari zake za lori, kila mji alikolala, azisikie yeye na jirani na anayepita barabarani. Hakuna aliyezinunua ili zikae kimya kwenye kona ya mjane. Zioshe. Zipigwe redioni watu wa Mwanza wazisikie, na wakiuliza ni za nani, sema ni za dereva mmoja wa Dodoma. Ile iliyokwaruzwa nayo nimeitia humo. Usiitupe, utajifunzia.

Nimezipanga zimesimama, sijazilaza, nimekumbuka ulivyoniambia. Kati ya moja na nyingine nimeweka vipande vya ile khanga yangu laini iliyochanika. Sikuzifuta hata kidogo. Ukimpata mtu wa kukubebea stendi, mwambie alishike sanduku kwa chini, na kwenye basi usikubali liwekwe kwenye buti na mizigo ya watu. Weka miguuni pako, hata kama goti litauma njia nzima.

Nakuogopea, Seche. Nitakuwa mwongo nikisema sikuogopei. Basi likitoka kesho nitasimama pale mpaka wauza maji waniulize nasubiri nani. Lakini naona pia jinsi ulivyozishika zile santuri kwa Hamisi, ukingoni tu, kwa ncha za vidole, na hakuna aliyekufundisha. Nikasema, huyu atafika.

Nimelisogeza sanduku mpaka mlangoni, peke yangu, nimeliburuta juu ya gunia lisikwaruze. Pale kwenye kona lilipokuwa, sakafu imebaki na alama ya pembe nne, nyekundu, inang'aa kama siku tuliyohamia nyumba hii na baba yako. Kwingine kote nimepiga deki miaka yote mpaka rangi imeisha, imebaki saruji. Nilikuwa nimeshachukua dekio mkononi. Nimelirudisha nje.

Mimi niliyekuzaa, na bado nakutazama,
Mama Seche